Farasi wangu wa miaka mitatu ananichezea: nimpige, au nimwache akue?

"Mwalimu, habari za kazi. Naishi Usa River, na kupanda farasi nimejifunza kwa miaka minne nikitumia jike mtu mzima anayeitwa Nuru. Mwezi wa kumi nilinunua farasi mwingine, dume aliyehasiwa, mchanganyiko wa Kisomali, jina lake Radi. Alitimiza miaka mitatu Desemba. Kwa utepe wa kukadiria uzito ana kilo 340; mimi nina kilo 68. Ni mzuri na haogopi watu, ila michezo yake imenishinda. Ananivuta mikono ya shati, anang'ata kamba, anamwaga ndoo ya brashi, na nikimwongoza ananipita mbele huku akirukaruka. Nikimpanda, robo saa ya kwanza anatembea vizuri, halafu anaanza: anashtukia karatasi, anaruka pembeni, na tukigeuka kurudi nyumbani au nikimwanzisha mwendo wa matiti, ule wa kukimbia polepole, anarusha makalio. Nimeshaanguka mara mbili. Saisi wetu, yaani mtunza farasi, anasema hiyo ni dharau, nimchape na nimvishe lijamu kali, kile chuma cha mdomoni. Jirani anasema nimzungushe kwa kamba ndefu kwa saa nzima kabla ya kumpanda ili achoke. Mwingine anasema atakua tu. Anakaa bandani peke yake, anatolewa kwa muda wa saa mbili tu kwa siku, na ninampa kilo tatu za mahindi yaliyoparazwa kila siku ili anenepe. Natamani mwezi Juni nimpeleke safari ya siku nzima mpaka upande wa Ngurdoto. Nifanye nini?"

Dada yangu, pole sana kwa kuanguka, na asante kwa kueleza kwa kina namna hii. Umenipa umri, uzito, chakula na muda anaotolewa nje. Watu wengi huviacha vitu hivyo, na humo ndimo jibu lako lilimo. Ninavyokuelewa, una hofu mbili kwa pamoja: kwamba Radi hakuheshimu na ukimwachia ataharibika, na kwamba ukimchapa utaua ile tabia yake ya kuwapenda watu iliyokufanya umnunue. Tuanze na hilo neno dharau, maana likibaki kichwani mwako, kila utakalomfanyia litaenda upande.

Farasi hapangi kumdharau mtu. Ukipata nafasi ya kuwaona madume wawili wa miaka miwili au mitatu wakiwa malishoni, kaa uwatazame nusu saa. Mmoja anamng'ata mwenzake shavuni, mwenzake anajibu kwa kumng'ata mguu wa mbele. Huyu anainuka kwa miguu ya nyuma, yule anageuka na kukimbia. Wanakimbizana, wanasimama, wananusana, wanaanza upya. Madume hucheza hivi zaidi ya majike, na akihasiwa mchezo haukatiki siku ileile. Kwa njia hiyo wanajifunza kuitumia miili yao na kuusoma mwili wa mwingine. Sasa mtazame Radi. Umri ni huohuo, hamu ni ileile, lakini kwa saa 22 kati ya 24 yuko peke yake ndani ya kuta nne. Mlango ukifunguliwa, anayeingia ni wewe. Anavuta shati, unavuta mkono, anarudi, unamsukuma pua, anarudi tena. Kwako huo ni ugomvi. Kwake umekubali kucheza, na unaucheza mchezo vizuri.

Ndiyo sababu kofi la puani halisaidii. Kwa farasi jasiri, kofi ni jibu la mwenzake mwenye nguvu, na anachojifunza ni kung'ata haraka na kukwepa kichwa. Kwa farasi mwoga, mkono unaokuja karibu na uso unakuwa alama ya maumivu, na wiki ijayo utahangaika kumvisha hatamu. Kwa maelezo yako Radi ni jasiri, kwa hiyo mkimchapa mtapata farasi anayeng'ata kwa kuvizia. Huyo ni hatari kuliko huyu wa sasa anayekuja waziwazi.

Lakini usinielewe kwamba meno yake ni ya kuchekewa. Farasi wa kilo 340 anayeng'ata kwa mchezo anaweza kuondoka na ngozi ya mkono, na hapo hajakusudia ubaya wowote. Tabia hii inapaswa kukoma, na itakoma pale mdomo wake unaponyimwa jibu na miguu yake ikapewa kazi.

Fanya hivi. Mvishe hatamu ya kamba isiyo na lijamu, ushike kamba ya kuongozea yenye urefu wa mita tatu na nusu hivi, na uvae glavu. Simama ubavuni mwa shingo yake ukimtazama. Ivute kamba kuelekea kifuani kwake, kwa uzito mdogo, kisha subiri. Usiitingishe. Atapandisha kichwa, huenda akasukuma mbele. Wewe bakia na uzito uleule, na asipoitikia uongeze polepole. Mguu mmoja ukianza tu kuinuka kwenda nyuma, legeza kamba papo hapo, hata kabla ukwato haujatua. Sekunde hiyo ndiyo somo lenyewe. Farasi huunganisha nafuu aliyoipata na kitendo alichokuwa akikifanya ilipomfikia. Ukilegeza anaporudi nyuma, amejifunza kurudi nyuma. Ukilegeza anapokung'ata, kwa kuwa umeshtuka, amejifunza kung'ata, na hakuna maneno utakayomwambia baadaye yatakayoifuta sekunde ile.

Rudia mpaka arudi hatua tatu kwa uzito wa vidole viwili tu. Kuanzia hapo una jibu. Midomo ikianza kutafuta shati lako, kabla haijafika, mrudishe hatua tatu bila hasira wala kelele, kisha simama. Akitulia, mkune pale shingo inapokutana na mgongo. Farasi hukunana wenyewe kwa wenyewe mahali hapo, na kukunwa hapo hushusha hata mapigo ya moyo wao. Kuanzia leo asipewe kitu cha kula kutoka mfukoni wala kiganjani. Karoti iwekwe ndani ya ndoo. Na kila anayemshika afanye hivyohivyo. Kaa na saisi wako mzungumze kwa heshima, mwonyeshe zoezi, mwache alijaribu mbele yako, maana yeye yuko na Radi muda mwingi kuliko wewe. Wewe ukifundisha asubuhi na yeye akachapa jioni, mtoto huyu hataelewa kitu. Dakika 15 zinatosha kwa kipindi kimoja, na siku za kupumzika hazimsahaulishi. Watafiti waliolinganisha farasi wadogo wa kufundishwa kila siku na wa kufundishwa mara moja kwa wiki waliona kwamba hao wa mara moja kwa wiki ndio walioelewa kwa vipindi vichache zaidi.

Hata hivyo, mazoezi yote hayo ni kazi bure kama ataendelea kufungiwa. Najua kwa nini watu wengi huko hufungia farasi: mnaogopa ugonjwa wa farasi wa Afrika, na mna haki ya kuuogopa, kwa sababu ukishaingia huua farasi wengi na hauna dawa ya kuutibu. Virusi vyake huenezwa na usubi, wale wadudu wadogo wanaouma kuanzia machweo mpaka alfajiri, na mvua ikinyesha huzidi. Kinga inayoeleweka, pamoja na chanjo ambayo daktari wa mifugo atakupangia, ni kumwingiza farasi ndani kabla jua halijazama na kumtoa likishapanda. Katikati hapo kuna mchana mzima ambao huutumii. Mtoe saa mbili asubuhi, mrudishe saa kumi na moja jioni. Hizo ni saa tisa za kutembea, kukimbia na kucheza.

Na awe na mwenzake. Nuru anafaa kuliko mwalimu yeyote, mimi nikiwemo. Jike mtu mzima akichokozwa na kijana hulaza masikio, akizidi humtishia mguu, na kijana akiondoka mambo yamekwisha. Waanze kwa kutenganishwa na uzio siku kadhaa. Kama Nuru hayuko hapo kwako, punda naye ni mwenzi mzuri, ila apewe kwanza dawa ya minyoo: punda hubeba minyoo ya mapafu bila kuonyesha dalili, na farasi akiipata hukohoa kwa muda mrefu.

Chakula. Kilo tatu za mahindi kwa siku kwa farasi asiyefanya kazi ni nyingi mno. Wanga wa nafaka humpa nguvu za haraka asizo na pa kuzipeleka, na ukizidi hufika kwenye utumbo mkubwa bila kusagwa, ukaleta msokoto wa tumbo au ugonjwa wa kwato. Mahindi yana hatari nyingine: yakiota ukungu wa aina fulani huwa na sumu inayoharibu ubongo wa farasi, na haitibiki. Punguza nafaka taratibu ndani ya wiki mbili mpaka ibaki ya kushika mkononi tu, ile ya kuchanganyia madini. Nafasi yake iwe nyasi kavu nzuri, kilo tano hadi saba kwa siku kwa uzito wake, ziwepo karibu muda wote. Wapo watakaokushauri umnyime chakula ili atulie. Usiwasikilize. Tumbo la farasi hutoa asidi mfululizo, ale asile, na likikaa tupu kwa saa nyingi hupata vidonda. Farasi mwenye vidonda hung'ata na kurusha mateke kuliko huyo uliye naye.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo halitakufurahisha. Wewe una kilo 68. Tandiko na vifaa vyake tuseme kilo 9. Jumla ni 77, karibu asilimia 23 ya uzito wa Radi. Kwa farasi aliyekomaa na mwenye afya, kipimo kinachotumiwa na wengi ni asilimia 20, yaani kwake kilo 68: wewe peke yako bila tandiko. Kwa wa miaka mitatu mimi sipendi kuvuka asilimia 15, na hizo ni kilo 51 pamoja na tandiko. Uzito wako ni wa kawaida kabisa kwa mtu mzima. Yeye ndiye bado mdogo. Mifupa ya farasi hukua kwenye ncha zake, na ncha hizo hufunga, yaani huacha kukua, kwa zamu kuanzia chini kwenda juu: ya juu ya goti hufunga akikaribia miaka miwili na nusu, na ya uti wa mgongo, pale tunapokalia, hufunga mwisho, akiwa na miaka mitano na nusu au zaidi. Hii haina maana kwamba asipandwe kabisa mpaka afike sita. Kazi nyepesi hukomaza mifupa. Ila safari ya siku nzima mwezi Juni, kwenye miinuko ya kuelekea Ngurdoto, akiwa na kilo 77 mgongoni, jibu langu ni hapana.

Tena uliandika kwamba anarusha makalio anapoanza matiti. Hilo sitaki uliite mchezo kabla hujakagua. Mchezo, hofu na maumivu havifanani ukivitazama kwa makini. Farasi anayecheza huinamisha na kukunja shingo, masikio yanatembea, mkia uko juu, na akishajirusha hutulia akakusubiri. Mwenye hofu hukauka mwili mzima, kichwa juu, pua zimetanuka, na hataki kabisa kusogea karibu na kile kitu. Mwenye maumivu hulaza masikio unapofunga mkanda wa tandiko, hupigapiga mkia, na hurudia kosa lilelile mahali palepale: kuanza matiti, kuteremka mlima, kugeuka upande mmoja. Hukutaja tandiko. Kama unatumia la Nuru, nina wasiwasi, kwa sababu mgongo wa jike mtu mzima na wa kijana huyu haviwezi kulingana. Siku moja mwongoze akiwa na tandiko tupu mpaka atoke jasho, kisha livue na utazame manyoya. Jasho likienea sawasawa pande zote mbili, ni dalili nzuri. Ukiona kiraka kikavu katikati ya sehemu iliyolowa, hasa nyuma ya bega, hapo pana mgandamizo.

Na meno. Akiwa na umri wa kati ya miaka miwili na nusu na minne na nusu, farasi anabadilisha meno ya mbele, na magego ya utotoni yanadondoka moja moja. Wengine wana vijino vidogo mbele ya magego, palepale lijamu linapokaa. Fizi zinawasha, ndiyo sababu mojawapo ya kutafuna kamba na ndoo. Kumvisha kijana wa namna hii lijamu kali ni kumpa sababu ya kurusha kichwa, na akizoea kukimbia maumivu ya mdomoni hutakuwa na breki yoyote. Daktari wa mifugo mwenye kifaa cha kufungulia kinywa ayatazame meno kwanza. Mpaka hapo, mfanyie kazi kwa hatamu ya kamba.

Kuhusu kumzungusha saa nzima ili achoke: duara dogo hupinda viungo vyake upande kwa upande kila hatua, na hivyo ni viungo visivyokomaa. Halafu mazoezi hujenga pumzi. Baada ya mwezi mmoja utahitaji saa moja na nusu ili kupata uchovu uleule. Dakika tano za duara kubwa, kwa ajili ya kutazama kama anachechemea au kumkumbusha sauti za kusimama na kwenda, hazina shida.

Sasa njia yenyewe. Hapa ndipo ningependa uweke nguvu zako zote miezi hii, kwa sababu ninaamini farasi kijana anatakiwa aijue njia kwa kuongozwa kabla ya kuijua akiwa amebeba mtu. Ukiwa chini anakuona, anaona unapotazama, na akiruka pembeni unabaki umesimama. Mgongoni kwake, hasa akiwa ndiyo kwanza anaanza kazi hii, uko mahali ambapo kwa asili panarukiwa na adui, na hofu ya karatasi inachanganyika na hofu yako.

Anza na dakika 20, ukimfuata Nuru akiongozwa na saisi. Macho ya farasi yako pembeni mwa kichwa na humwezesha kuona karibu duara zima, isipokuwa nyuma ya mkia na mbele ya paji la uso. Ndiyo maana kitu kinachotikisika pembeni humfikia kabla hakijakufikia wewe. Huko kwenu kuna mabanda ya plastiki ya mashamba ya maua, na upepo ukivuma, karatasi zake hupiga kelele. Usimburute mpaka chini ya banda. Tafuta umbali ambapo amekitazama kitu, masikio yamesimama, lakini bado anaweza kulamba midomo au kupeleka sikio moja kwako ukimwita. Huenda ni mita 40. Simama hapo. Subiri kichwa kishuke. Kikishuka, geuka uondoke naye kabla yeye hajaamua kuondoka, zunguka, urudi ukifika mita 35. Siku hiyohiyo au siku ya tatu mtapita kando. Mpitishe tena kutoka upande wa pili, maana kitu kilekile kikitazamwa kutoka pembe nyingine kinaweza kuwa kipya kabisa kwake. Nyumbani unaweza kumwandaa kwa turubai lililotandazwa chini na mfuko wa salfeti uliofungwa kwenye uzio wa malisho, ajipeleke mwenyewe.

Bodaboda mzoeshe kwanza akiwa nyuma yake. Muombe kijana wa bodaboda unayemwamini aendeshe polepole mbele yenu, mita 20 hivi, Radi akiifuata. Farasi hupata ujasiri kwa kitu kinachomkimbia. Pikipiki isimame, nanyi msimame, iondoke, mfuate. Akiwa ameizoea hivyo, msogee mpaka mkaribie, kijana azime injini, Radi anuse tanki. Hapo tu ndipo ije kwa mbele, taratibu, na ya kuwapita kwa nyuma iwe ya mwisho kabisa. Usianzie barabara ya lami. Mitaro, makalavati, mbwa, ng'ombe wanaotoka machungani, watoto wanaokimbia kutoka shule: kimoja kwa siku kinatosha. Na siku nyingine msifanye lolote, simameni tu njiani ale nyasi huku watu wanapita.

Baada ya wiki sita hadi nane za hivyo, mpande Nuru na umwongoze Radi ubavuni. Hii ndiyo njia nzuri kuliko zote ya kumtembeza kijana mbali bila kumlemea mgongo. Jifunzeni kwanza ndani ya uzio. Kamba usiizungushe mkononi kamwe wala usiifunge kwenye tandiko. Ikunje kwa mikunjo mirefu kiganjani ili uweze kuiachia. Kichwa chake kikae usawa wa goti lako. Juni, mvua za masika zikiwa zimepungua, utakwenda njia ya Ngurdoto kwa mtindo huu, si siku nzima, labda saa mbili au tatu, na Radi ataona vyote ulivyotaka avione. Kando ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, huko Ngurdoto, kuna nyati, kwa hiyo msiende alfajiri wala jioni, na nendeni na mtu anayezijua njia hizo.

Kugeukia nyumbani kuna dawa yake. Anajirusha kwa sababu nyumbani kuna nafaka na mapumziko, nako njiani kuna kazi. Geuza mpango: mkifika nyumbani afanye zoezi la kurudi nyuma kwa dakika tano, na mapumziko na nyasi avipate kule mbali. Pitieni njia za mzunguko ili pasiwe na mahali maalumu pa kugeuka.

Kumpanda kuanze lini? Akifika miaka mitatu na nusu, kama mgongo na meno vimekaguliwa, mtafute mpandaji mwepesi na mtulivu, jumla isizidi kilo 51 pamoja na tandiko, kwa dakika 15 hadi 20 za kutembea tu, mara mbili au tatu kwa wiki. Afundishwe kupinda shingo upande kwa kigwe kimoja, yaani kamba moja ya hatamu, mpaka asimame. Hiyo ndiyo breki yake ya dharura, ila hutumika akiwa bado anatembea au ndiyo kwanza anaanza matiti. Akishakwenda shoti, yaani mbio kali, ukimvuta kichwa ghafla anaweza kuanguka nanyi. Wewe mwenyewe utampanda akiwa na miaka minne na zaidi, atakapokuwa amejaza mwili. Akifikia kilo 400, zile kilo 77 zitakuwa asilimia 19. Kofia ngumu yenye mkanda kidevuni kila mara, buti zenye kisigino, na simu iwe mwilini mwako, usiiache kwenye mfuko wa tandiko, kwa kuwa ukianguka tandiko litaondoka na farasi.

Utaniuliza kama usimkabidhi tu kwa mtu wa kufundisha. Ni chaguo halali. Faida yake ni mikono yenye uzoefu na muda mfupi. Hasara yake ni kwamba kinachofundishwa ni farasi peke yake, na akirudi kwako na kukuta mkono uleule unaokwepa, ndani ya mwezi mmoja amerudia. Ukimpeleka, nenda ukae hapo siku kadhaa ufundishwe naye, na kabla ya hapo mtazame huyo mtu akimfanyia kazi farasi mwingine. Ukiona kamba zinazofunga kichwa kifuani, au akikuahidi farasi wa safari ndani ya wiki mbili, rudi na farasi wako. Chaguo jingine ni kumwacha malishoni na Nuru mpaka afike miaka minne bila kufanya lolote zaidi ya kwato, chanjo na kuongozwa. Hilo halimharibu farasi hata kidogo, na kama kazi zako zinakubana mwaka huu, ningelipendelea kuliko mazoezi ya kubahatisha. Yule aliyesema atakua tu amesema nusu ya ukweli: hamu ya kucheza itapungua, ila alichokwisha kujifunza kwa mdomo wake hakitaondoka chenyewe.

Kuna mambo ambayo maandishi yangu hayatoshi. Mwite daktari wa mifugo kabla ya kumpanda tena, kwa ajili ya mgongo, meno na mwendo, kutokana na ule urushaji wa kwenye matiti. Mwite siku hiyohiyo ukiona homa, anahema kwa shida, povu puani, au uvimbe juu ya macho. Hizo zinaweza kuwa dalili za ugonjwa wa farasi wa Afrika, na saa chache ni nyingi. Mtafute mwalimu wa kuja kukuona ana kwa ana kama Radi ataanza kusimama kwa miguu ya nyuma akiwa na mtu, kama atakukimbia na kamba, kama atakuja kwako amelaza masikio, au kama wewe mwenyewe unaamka asubuhi unaogopa kuingia bandani. Hofu hiyo usiifiche mbele ya saisi. Mwambie, na siku hiyo mshike wawili, au mwache akae malishoni na Nuru.

Wiki hii anza na matatu: saa tisa za nje, nafaka ianze kupungua, na zoezi la kurudi nyuma dakika 15. Baada ya mwezi mmoja niandikie tena, uniambie jasho lilikaaje chini ya tandiko na daktari alisema nini kuhusu meno, tupange hatua ya njia.